Siku Niliyomvika Hamlet Ushungi

Jumamosi hiyo mvua ilitukatisha mara mbili. Mara ya kwanza tulikimbia sote kuanua nguo za jirani yangu zilizokuwa kambani, kwa kuwa mwenyewe alikuwa sokoni. Mara ya pili tulinyamaza tu tukasubiri, kwa sababu bati la baraza langu likianza kupigwa na mvua hakuna anayemsikia mwenzake. Tulikuwa saba, hapa Mwanga, Kigoma, kila mmoja ameshika karatasi zake za fotokopi, tukisoma tamthilia ya Hamlet mstari kwa mstari kama tufanyavyo kila Jumamosi jioni. Tulikuwa tumefika pale Malkia anapomsihi mwanawe aache kuomboleza, asiendelee milele kumtafuta baba yake mavumbini akiwa na kope ambazo Shakespeare anaziita "vailed".

Binti aliyekaa karibu na mlango aliinua mkono.

"Mwalimu, hizo kope zimefanywaje?"

Nilijibu bila hata kumeza mate. Nilisema kwamba zimefunikwa, kwamba neno hilo ndilo lile la ushungi wa bibi harusi na wa mjane, na kwamba mshairi anatuonyesha kijana aliyejifunika msiba usoni mpaka haoni mbele. Nilieleza vizuri, nikatumia na mikono. Vijana wawili wakaandika.

Binti hakuandika.

"Lakini mtu aliyejifunika ushungi," alisema polepole, "anawezaje kutafuta kitu mavumbini?"

Nikasema huo ndio ushairi, tukaendelea na mstari uliofuata.

## Jibu la haraka

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na kazi hiyo ina ugonjwa wake. Mwalimu huzoea kujibu kabla swali halijapoa, kwa kuwa darasani kimya chake huhesabiwa kuwa udhaifu, na miaka ikipita husahau kwamba jibu la upesi na jibu la kweli si kitu kimoja. Usiku ule nilipojilaza, swali la binti lilirudi. Anayejifunika uso hatafuti kitu chini. Anayetafuta kitu chini huinamisha macho. Niliamka, nikawasha taa, nikaishusha kamusi kubwa kutoka juu ya kabati, na kabla sijaketi nikawa nimeliona kosa langu.

Kiingereza kina maneno kadhaa yanayotamkwa sawa kabisa. "Vale" ni bonde. "Veil" ni ushungi. "Vail" ni kitenzi ambacho leo hakitumiwi tena ila na wasomaji wa mambo ya kale, na maana yake ilikuwa kushusha: kushusha macho, kofia, bendera, tanga. (Lipo na jingine, lenye maana ya bakshishi walizopewa watumishi katika nyumba za wakubwa, hilo nililiacha lipite.)

Kope za Hamlet hazikufunikwa na kitu. Zilikuwa zimeshushwa.

Nilirudi kitandani nikiwa nimeazimia kusahihisha Jumamosi inayofuata. Jumamosi ikafika, tukasoma habari za mzimu wa mfalme, vijana wakachangamka, nami sikusahihisha. Ya pili ikapita vivyo hivyo. Kufikia ya tatu nilikuwa nimejiambia kwamba wamekwisha kusahau, jambo ambalo mtu hujiambia akiwa anajua wazi kwamba yuko mmoja ambaye hajasahau.

## Dawa ya mtoto

Katikati ya juma hilo la tatu nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa karibu na soko. Mbele yangu alisimama mama mmoja ambaye kwa lafudhi yake alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa, amemshika mkono mtoto wa miaka kama minne aliyefumba mdomo kwa nguvu zake zote. Kijiko cha kwanza cha dawa ya kikohozi kilikuwa kimekwisha kuingia, na dawa ilikuwa imekaa shavuni, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

"Avale," mama alisema. "Avale, papa. Avale tu."

Mtoto akameza, na foleni nzima ikashusha pumzi.

Mimi nilibaki nimeduwaa, kwa kuwa neno lile nilikuwa nimeliona usiku ule ndani ya kamusi, limeandikwa vivyo hivyo, herufi kwa herufi. Kabla Waingereza hawajalikata kichwa likabaki "vail", walisema "avale", nao walilichukua kwa Wafaransa wa kale, ambao "avaler" kwao ilikuwa kushusha. Wafaransa wa leo, na pamoja nao watu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura tunaopishana nao sokoni kila siku, wakisema "avaler" huwa wanasema kumeza.

Njia aliyopita Mfaransa kutoka kushusha hadi kumeza haimpi shida msemaji wa Kiswahili. Sisi tukila kitu kikavu huomba maji ya kushushia. Tonge hushuka, au hugoma kushuka. Kilichotokea Ufaransa ni kwamba kitenzi kilichokuwa kikishusha vitu vya kila namna kiliachiwa mwishowe kitu kimoja tu cha kushusha, nacho ni kile kinachopita kooni. Uingereza, upande wa pili wa mkono mwembamba wa bahari, kitenzi kile kile hakikupata hata koo la kujihifadhi.

Nililipa, nikaondoka. Jibu langu la ushungi lilikuwa bado halijanishuka.

## Kuelekea bondeni

Kwenye mzizi wake kabisa hakuna kitenzi. Kuna maneno mawili ya Kilatini, "ad vallem", yaani kuelekea bondeni: ni kama kumwona mtu amesimama mlimani ananyoosha kidole. Wafaransa wa kale waliyafupisha yakawa "a val", kisha wakayavika mwisho wa kitenzi. Hata leo mtu wa Bujumbura akizungumza Kifaransa atasema "en aval" kwa upande wa mto ambako maji yanaelekea, na "en amont" kwa upande yanakotoka, na hilo la pili limetokana na "ad montem", kuelekea mlimani.

Mkazi wa Kigoma hahitaji kamusi kuielewa asili hiyo. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko, na mtu wa Mwanga anayekwenda bandarini au stesheni hasemi kwamba anakwenda, husema anashuka. Basi la Kasulu hushuka. Luiche hushuka, Malagarasi hushuka, na vyote hivyo huishia katika bonde halisi, Bonde la Ufa katika mkono wake wa magharibi, ambalo limejaa maji tukalizoea kwa jina la ziwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake kinafika mita 1,470 hivi, maana yake sakafu ya bonde letu iko chini ya bahari kwa mita 700. Nadhani ni watu wachache duniani wanaoishi na "ad vallem" mlangoni kwao kiasi hiki.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba ndugu yake wa mlimani hakufa. Neno "amount", ambalo kila mfanyabiashara wa hapa amewahi kuliona kwenye risiti au hati ya benki, limezaliwa na lile "amont": ni hesabu inayopanda mpaka ifikie jumla yake. Neno "paramount", ambalo Waingereza walilipachika mbele ya vyeo vya machifu wakuu katika makoloni yao, linamaanisha aliye juu ya wote, na kwa hilo Waingereza walitaka kumweleza mtu ambaye huku Buha aliitwa mwami na kule Unyanyembe aliitwa mtemi. Sheria ya ardhi ya Uingereza ya zamani ilikuwa na mwenzake pia, "paravail", yaani yule aliye chini ya wote katika ngazi ya umiliki, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeshika jembe. La kwanza limebaki mdomoni mwa watu. La pili halimo hata katika kamusi za wastani.

## Tanga, bendera, kofia

Nilipoanza kukifuata kitenzi hiki kilikotumika, niliona kwamba hakikuwa kitenzi cha mizigo. Kilikuwa kitenzi cha adabu. Aliyeshusha kwa namna ya "vail" alishusha mbele ya mtu.

Katika hadithi za Canterbury alizoziandika mshairi Mwingereza Chaucer mwishoni mwa karne ya 14, yumo mwenye kinu cha kusaga ambaye amelewa mpaka amepauka, anakaa juu ya farasi kwa taabu, na hataki kushusha kofia kwa ajili ya mtu yeyote. Chaucer anatumia kitenzi chetu kikiwa bado na kichwa chake: "avalen". Mtu huyo namfahamu. Nimewahi kumkuta kwenye mashine ya kusaga, katika mtaa ambao sitautaja, naye hakuwa na farasi.

Baharini mambo yalikuwa mazito zaidi. Waingereza walidai kwamba meli ya kigeni ikikutana na meli zao za kivita katika maji waliyoyahesabu kuwa yao, ni lazima ishushe bendera au tanga la juu. Mwezi Mei 1652, karibu na Dover, amirali Tromp wa Uholanzi alikutana na Blake wa Uingereza, heshima hiyo haikutolewa kwa wakati, mizinga ikalia, na vita vya miaka miwili vikafuata. Vyanzo vya vita vile vilikuwa vipana kuliko kitambaa, biashara ya baharini ikiwa mbele ya vyote. Hata hivyo, mkataba wa amani uliotiwa saini Westminster mwaka 1654 haukusahau kuwataka Waholanzi washushe bendera zao.

Kofia nayo ina kisa chake, na kisa hicho kiko karibu nasi. Mwaka 1871, hapo Ujiji, Stanley alipomfikia Livingstone alivua kofia, na kwa maelezo yake mwenyewe mzee yule alitabasamu akainua yake kidogo. Akainua! Miaka mia nne kabla ya hapo tendo hilo lingeitwa kushusha. Mkono ni ule ule, kofia ni ile ile, heshima haikubadilika. Lakini mmoja anatazama kofia inavyotoka kichwani, mwingine anatazama inavyokwenda kifuani. Kiswahili hakikutaka kuingia katika ugomvi huo. Kilisema kuvua, kikanyamaza.

Nilikutana pia na jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Neno "veil", lile la ushungi nililomvika Hamlet bila idhini yake, limetokana na Kilatini "velum", na "velum" ilikuwa kitambaa cha kufunikia, pazia, na vilevile tanga la chombo. Kwa hiyo maneno mawili niliyoyachanganya hayana damu moja hata kidogo, lakini yalikutana majini: moja ni tanga, jingine ni kulishusha.

## Kutafuta kitenzi chetu

Nilijiambia kwamba nisingeweza kusahihisha kwa Kiingereza peke yake. Vijana wangu hawatafuti kufaulu mtihani hapo barazani. Wanataka mstari ule ukae katika Kiswahili bila kuchechemea. Basi nilihitaji kitenzi.

Jioni moja nilishuka Kibirizi, nikamkuta mzee mmoja ninayemjua, fundi wa mitumbwi, amekaa juu ya ubao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Leo umekuja kununua dagaa au kuuliza maneno?"

Nilimwuliza tanga likishushwa husemwaje. Alinitazama kwa huruma. "Tanga hutwekwa, tanga hutuliwa," alisema. "Kushusha ni mzigo. Na siku hizi kinachoshuka hapa jioni ni injini, watu wanazibeba begani wasiibiwe."

Kutua, basi. Ni kitenzi kizuri kuliko tunavyokipa sifa. Jua hutua, ndege hutua, mwenye mzigo kichwani huutua. Kutoka humo tulipata kutulia, na tulipata kituo, ambacho kabla ya kuwa cha mabasi au cha polisi kilikuwa mahali pa kutulia mizigo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Ujiji kwenda Tabora na pembe za ndovu begani wasingehitaji kufafanuliwa asili hiyo. (Habari ya Bagamoyo na kubwaga moyo sitaigusa, imekwisha kuchoshwa na wengine.) Lakini nilipolijaribu kwenye mstari, halikukubali. Hutua yule aliyefika. Hamlet hajafika popote. Ndiyo kwanza anaanza safari.

Kuteremsha nilikiweka kando mapema, kwa sababu tumekipa kazi ya kuteremsha vitabu vitakatifu na kukileta kwenye kope ni kukishusha cheo. Kushusha chenyewe kilikuwa karibu kuliko vyote, na hata bendera tunaishusha kwa kitenzi hicho, ila kimekaa mno sokoni: tunashusha bei, tunashusha abiria, tunashusha magunia, na mtu akidharauliwa tunasema ameshushwa hadhi. Kimebaki kuinamisha, ambacho kina adabu ndani yake.

Kitenzi hicho hicho cha Kiingereza kimo pia katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, aliifasiri na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi: ni pale rafiki wa mfanyabiashara anapoiwazia meli iliyokwama mchangani, imeinamisha kilele cha mlingoti chini kuliko mbavu zake kana kwamba inabusu kaburi lake. Nakala yangu ya kitabu hicho niliiazimisha zamani kwa mtu wa Tabora ambaye hajairudisha, na ambaye akisoma hapa atajijua.

## Macho makavu

Kuinamisha kulinirudisha Kasulu, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba. Kwake mtoto hakumsalimu mkubwa akiwa amesimama wima. Alipiga goti, akapiga makofi taratibu, akajibu kila sehemu ya salamu mpaka iishe, na muda wote huo macho yalikuwa chini. Aliyemkodolea mkubwa macho aliambiwa ana macho makavu, na chakula cha jioni kilimkuta bado anaelezwa maana ya macho makavu. Nilikua nikijua kwamba kuinamisha macho ni kumpa mtu haki yake.

Kwa hiyo nilipoandika "kope zilizoinama" pembeni ya karatasi yangu, niliridhika kwa siku mbili.

Siku ya tatu nikaona kwamba nimefasiri kope za mtu mwingine. Hamlet hamwinamii aliye mbele yake. Soma maneno yanayotangulia: Malkia anamtaka mwanawe aiangalie Denmark kwa jicho la kirafiki, na Denmark hapo ni mfalme mpya, baba yake mdogo aliyemrithi marehemu kiti na mke. Macho anayotakiwa kuyainua ni macho ambayo angepaswa kuyaelekeza kwa mfalme huyo. Naye ameyashusha. Kitenzi ambacho Waingereza walikitumia kwa meli inayokiri ukubwa wa meli nyingine, kwa mtu anayemvulia kofia bwana wake, kimewekwa juu ya kope za kijana anayekataa kumkiri bwana aliyeko ukumbini. Anashusha bendera yake, ndiyo, mbele ya mfalme. Lakini anaishusha kwa mfalme aliye udongoni.

Hilo halimo katika ushungi. Ushungi ungemfanya mtu wa huzuni tu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuwanyima vijana maana ya neno moja peke yake. Niliwanyima uasi wa kijana yule, na bila uasi huo hakuna tamthilia.

Binti alikuwa ameuliza kuhusu mavumbi. Alikuwa ameshika kamba yenyewe.

## Chapa ya 1623

Nusura niokoke bila kukiri.

Nilipokuwa nikilinganisha chapa za kale nilikuta kwamba kitabu kilichochapwa mwaka 1604 kinaandika "vailed", kwa herufi za kushusha. Lakini mkusanyo mkubwa wa tamthilia za Shakespeare uliotoka mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, unaandika "veyled", kwa herufi zinazofanana na za ushungi. Moyo ulinidunda. Kumbe kosa langu lilikuwa na mababu! Nilianza kupanga hotuba kichwani: kwamba jambo hili lina pande mbili, kwamba masikioni mwa watazamaji hapakuwa na tofauti yoyote, kwamba mwalimu wenu aliwapa upande mmoja na leo anawaongezea wa pili.

Sehemu ya hotuba hiyo ni kweli. Zama zile tahajia ya Kiingereza haikuwa imetulia, mchapaji aliandika alivyozoea, na mtazamaji aliyesimama uwanjani alisikia sauti moja tu, akabaki huru kuona kitambaa au kope zinazoshuka, au vyote viwili. Sijui msomaji mwaminifu anayeweza kuufunga mlango huo kabisa, na mimi sitaufunga.

Lakini siku niliyojibu sikuwa nimeiona chapa ya 1623. Nilijibu kwa sababu nilisikia "veil" na sikutaka kuonekana nimesita. Hotuba ile ingekuwa ya kweli neno kwa neno, na bado ingekuwa ya yule mwenye kinu juu ya farasi, kofia yake imekazwa kichwani.

Nikaifuta.

## Jumamosi ya tano

Siku hiyo haikunyesha. Nilianza kabla karatasi hazijafunguliwa. Nilisema kwamba wiki nne zilizopita niliulizwa swali zuri nikatoa jibu lisilo sahihi, kwamba nililijua kosa usiku ule ule, na kwamba nilinyamaza. Kisha nikawaeleza habari za bonde na koo, za tanga na kofia, na za wafalme wawili ndani ya ukumbi mmoja, mmoja juu ya kiti na mmoja chini ya udongo. Chapa ya 1623 niliitaja mwisho kabisa, kwa sentensi mbili.

Kijana mmoja aliuliza kama afute alichoandika. Nilimwambia akiache, aandike kando yake.

"Nilijua, Mwalimu," binti alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilitazama kwenye simu nikiwa njiani kurudi nyumbani."

"Mbona hukusema?"

Hakuinamisha macho. "Nilikuwa nasubiri."

Sikuwa na la kujibu, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta. Nilimwomba asome alivyoufasiri mstari, kwa kuwa nilikuwa nimeona penseli pembeni ya karatasi yake. Nilitarajia kushusha, au kuinamisha, au pengine kile cha mzee wa Kibirizi. Hakuwa ameandika hata kimoja. Aliandika maneno matatu:

"Mwanangu, anua matanga."

Niliyarudia kimoyomoyo. Matanga ya chombo na matanga ya msiba, katika lugha yetu, yameandikwa kwa herufi zile zile. Sisemi kwamba asili yao ni moja, nasema tu kwamba sikio halioni mpaka kati yao. Na kuanua ni kile tulichokifanya mvua ilipokuja, mikono juu, nguo za jirani zikishuka kambani moja baada ya nyingine. Kwa siku nyingi nilikuwa nimezunguka kamusi za lugha tatu nikitafuta kitenzi kinachoweza kushika tanga na maombolezo kwa mkono mmoja, na kitenzi hicho ndicho tunachokitumia kila tunapomaliza msiba mtaani.

"Na kope ziko wapi?" kijana wa kwanza alihoji. "Shakespeare ameandika kope."

"Kope zimo," binti alisema. "Anayekaa matanga macho yake yako wapi?"

"Hazimo. Umezitoa."

Mwingine akasema kwamba tatizo si kope, tatizo ni kwamba matanga huanuliwa na ukoo mzima kwa siku moja, mtu mmoja hawezi kuanua peke yake wala kuambiwa aanue peke yake. Binti akamjibu kwamba ukoo ulikwisha kuanua, ukaenda moja kwa moja harusini, ndiyo maana amebaki yeye tu. Hapo wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Nilijaribu kuinua mkono kama mwanafunzi, hakuna aliyeniona. Jirani alikuja kufungua kamba yake ya nguo, akasikiliza kidogo, akauliza ni msiba wa nani.

Saa moja jioni tulikuwa bado kwenye mstari ule ule, na kijana aliyezitetea kope alikuwa ameomba penseli.